Mti wa Mpaka Ulioko Ghorofa ya Nne

Lushebere, Masisi
Kivu Kaskazini
Jumanne, tarehe 3 Februari 2026

Mpendwa mwanangu Umutoni,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na nakukumbatia kwa mikono yote miwili inayonuka maziwa, kama ulivyoizoea. Kwanza habari za afya. Kile kikohozi kilichokulaza mwezi wa Novemba kimekwisha kweli, au unasema kimekwisha ili mimi nilale? Unakula chakula cha moto? Unavaa soksi mbili? Huko Liège mna theluji, huku kwetu tuna ukungu, kila mtu na baridi yake, lakini ya kwako naiogopa zaidi kwa sababu siijui.

Sisi tuko. Bibi yako Mukundwa yuko, macho yamepungua lakini masikio yamezidi, anasikia hata tunayonong'ona jikoni. Ng'ombe waliobaki ni watano. Yule mwekundu uliyempenda amezaa ndama jike juma la Noeli, na maziwa yanatosha kupeleka bidoni moja Masisi mjini kila asubuhi. Maharagwe yametoa maua. Kama ungekuwa umeniuliza habari za nyumbani tu, ningeishia hapa, nikakubariki na kufunga barua.

Lakini nina hofu, mwanangu. Nina hofu ya kunizuia kula, na wewe unanijua mimi na chakula.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa shangazi ambaye siku hizi anajua kutuma sauti kwa simu. Simu ni ya kaka yangu Bisengimana, ami yako, na nikitumia simu yake kila ninachosema kinasikika nyumba nzima kabla hakijafika kwako. Kwa hiyo naandika. Sista Geneviève wa parokia anashuka Bukavu Jumatatu ijayo, atapitia Shasha kisha Minova, na akishafika kwenye mtandao mzuri atapiga picha kurasa hizi moja moja na kukutumia. Nimemwambia azisome tu kama hana budi.

Sasa nisikilize. Jumapili ya tarehe 18 Januari ulituma picha kwenye simu ya Bisengimana. Mti umo kwenye chungu cheupe, majani yamelegea, na chini uliandika: mti wa Sogokuru unakufa, Tantine, nifanye nini? Mungu ni mwema, siku hiyo simu ilikuwa mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa nimeipeleka kuichaji dukani. Niliitazama ile picha mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimefiwa. Kisha nikaifuta. Nikafuta na maneno yako, nikarudi nyumbani nikasema Umutoni anawasalimu wote.

Usitume tena ile picha. Tafadhali. Ukimpenda shangazi yako, usiitume kwa mtu yeyote wa huku, wala usiiweke pale kwenye simu mahali ambapo watu wote wanaona. Nitakueleza kwa nini, na ukishaelewa utanichukia kidogo, lakini soma mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyoondoka Septemba 2019. Babu yako Gisa, Sogokuru wako, alikuwa amezikwa wiki tatu tu, na wewe ulikuwa unalia kwamba unaenda mbali bila kitu chake hata kimoja. Pikipiki ya kukupeleka Sake ilikuwa imeshaagizwa. Alfajiri nikakuletea mti, umefungwa kwenye kipande cha kitenge changu, udongo bado umeshika mizizi. Ulifikiri ni ua la nyumbani. Uliubusu.

Haukuwa ua, mwanangu. Ulikuwa mti wa mpaka. Na haukuwa mti wowote kati ya ile mistari mirefu ya majani ya kijani inayotenganisha mashamba yetu na ya majirani. Ulikuwa ule wa kona, pale chini kwenye chemchemi, mpaka wetu na shamba la Papa Edmond.

Sogokuru aliupata ule mti misheni akiwa kijana. Mingine yote kilimani ina majani ya kijani tupu, huu ulikuwa na mstari wa njano katikati ya kila jani, ndiyo maana yeye na marehemu baba yake Edmond waliuchagua uwe shahidi wa kona. Wakauzungushia waya wa uzio mara mbili, na kwa miaka mti ukaumeza ule waya, ukabaki kovu na chuma kinachochungulia. Katika karatasi ya chefu, mtawala wa eneo letu, imeandikwa hivyo: kona ni mti wenye mstari wa njano na waya. Ng'ombe walioshuka kunywa maji waliula kichwa kila mwaka, kwa hiyo haukuwahi kurefuka. Ulikuwa na urefu wa mkono, unene wa kifundo changu.

Nilishuka na kisu nikitaka kukata kipande tu, kama watu wenye akili wanavyofanya. Nikakuta ng'ombe wamekwisha kuula, hauna kichwa, shina moja tu na jicho moja linalochipua ubavuni. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, udongo ulikuwa laini. Nikavuta. Ukatoka wote. Nakuambia nilibaki nimeushika kama mwizi wa kuku, na mlimani nasikia pikipiki inakuita.

Anayeng'oa mti wa mpaka kwetu hapa hatajwi jina mbele ya watoto. Wewe ulizaliwa hapa, unajua. Nikaogopa lile shimo. Nikapanda kwa Mama Anastasie, mke wa Papa Edmond, nikamwambia ua wangu una pengo, anipe kipande cha mti. Akakata kwenye ua wake mwenyewe, cha kijani tupu, akanipa kwa mikono miwili. Nikakichomeka kwenye shimo la kona. Kikashika.

Niliamini nitakuja kurekebisha. Kisha unajua yaliyotupata. Vita ikapanda milima yetu, sisi tukashukia kambi ya Lushebere, Papa Edmond na watu wake wakapita msituni mpaka Walikale. Miaka miwili hakuna aliyelala kwake. Waliopita hapa wakakata miti yote ya mpaka kwa kuni. Tulirudi Julai iliyopita, na wao wakarudi mwezi uliofuata, tukalia pamoja njiani, Anastasie na mimi, tukahesabiana waliobaki.

Miti ya namna ile haifi upesi. Visiki vyote vimechipua, mstari wa mpaka unaonekana tena kutoka juu mpaka chini. Na pale kwenye kona, mwanangu, kimechipua kijani tupu.

Bisengimana alikiona mwezi wa Desemba alipokwenda kukata nyasi. Akarudi uso umebadilika. Akatoa karatasi ya chefu sandukuni, akaisoma kwa sauti, akasema maneno ambayo anayarudia kila siku tangu siku ile:

"Edmond njo aling'oa muti yetu, akapanda ya kwake. Kona ilikuwa kule ngambo ya mayi. Ataona."

Ng'ambo ya maji ni shamba la maharagwe la Papa Edmond. Kaka yangu si mtu mbaya, lakini ng'ombe walikuwa arobaini na sasa ni watano, na mtu aliyepoteza sana hutafuta wa kumdai. Chemchemi ikiwa yote yetu, anasema, mifugo itaongezeka tena. Amejiaminisha kabisa. Nadhani hata anakumbuka mti ukiwa ng'ambo, ingawa haukuwahi kuwa huko.

Wiki iliyopita ng'ombe wetu waliingia kwenye yale maharagwe. Manassé wa Bisengimana alikuwa akiwachunga na hakuwazuia. Samy wa Edmond akaja na fimbo, wakapigana, Samy akapasuka juu ya jicho. Hawa wawili walikaa dawati moja miaka sita, unawajua. Tangu siku hiyo watu wa kwetu hawasalimiani na watu wa kule. Mimi nimeona jambo dogo kuliko hili likiwasha kilima kizima, na wewe umeona, kwa hiyo sihitaji kuandika zaidi.

Kikao cha kuamua mpaka ni Jumamosi tarehe 21, pale pale kwenye kona. Chefu atakuja na wazee. Na kila mtu wa nyumba mbili atashika ule mti na kuapa kwamba hakuusogeza wala hamjui aliyeusogeza. Upande unaolalamika ndio unaoanza. Upande unaolalamika ni sisi.

Niende nikaushike mti nilioupanda mwenyewe niape siujui?

Nitakuambia jambo baya kuliko yote, kwa sababu nikiliacha litanikaba. Siku ile dukani, nilipoona majani yako yamelegea, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Nilijisemea: ufe. Ukifa huko ghorofa ya nne, utautupa kwenye pipa la taka la wazungu, na hapatakuwa na shahidi duniani isipokuwa Mungu, na Mungu huwa ananyamaza vikaoni.

Basi, jibu langu kwa swali lako ni hili: usifanye kitu. Uache tu. Unaponiandikia niambie habari nyingine.

Naiweka kalamu. Bibi yako ananiita, anauliza mbona siku hizi napumua kwa nguvu.

Ijumaa, tarehe 6

Mwanangu, naendelea kwenye karatasi hiyo hiyo, usichanganyikiwe. Nilitaka kuichana barua ya Jumanne na sikuweza, kwa sababu hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyatoa yale maneno.

Jana mchana nilikuwa chemchemini naosha bidoni za maziwa. Mama Anastasie akashuka na ndoo. Ningekimbia kama ningekuwa na miguu ya zamani. Aliteka maji yake polepole, akajitwika, kisha akasimama karibu na ile kona bila kunitazama.

"Dada, ile muti nilikupatiaka siku ile, ilishika muzuri, eh?"

Nilimjibu ndiyo. Sauti ilitoka kama ya mbuzi.

"Sikumuambia bwana yangu. Nikisema miye, watasema muke anatetea bwana yake. Miye nangoya tu mwenye alipanda."

Akapanda zake. Ndoo haikumwaga hata tone.

Umutoni, anajua. Amejua tangu Desemba, tangu walipoanza kumwita mumewe mwizi. Anasali viti viwili mbele yangu kila Jumapili, na juzi mtoto wake alipasuliwa uso, na bado amenyamaza akanipa nafasi. Ningekuwa mimi, ningekwenda na kipaza sauti mpaka Masisi mjini.

Sikulala. Nawaza nini kitatokea nikisema. Mimi ni mjane niliyerudi kwetu, nyumba ninayolala ni ya Bisengimana, jiko ni la mke wake. Kaka yangu akiaibika mbele ya chefu kwa sababu yangu, anaweza kunirudisha kambini na sufuria zangu, na hakuna atakayemlaumu. Kisha nawaza nini kitatokea nikinyamaza, na naona lile jeraha la Samy, na naona Manassé akinoa panga lake, anasema ni la nyasi. Nyasi gani ya kunolewa mara mbili kwa siku?

Hata ulipougua Novemba, usicheke, nilisema moyoni ni ule mti. Nilisema laana imepanda ndege pamoja na wewe.

Jumapili, tarehe 8

Leo baada ya misa nilimpelekea Sista Geneviève bahasha. Akanitazama, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia yote, pale nyuma ya kanisa, nimeshika kamba ya mbuzi wa mtu. Sikupanga. Sista hakunihubiria, na nilimshukuru kwa hilo.

"Mama, kama ile muti ingali nzima, muiponye. Kama imekufa, useme hivyo hivyo."

Nikachukua bahasha yangu nikarudi nayo, na ndiyo naandika ukurasa huu wa mwisho. Sahau niliyokuambia Jumanne. Uokoe, mwanangu. Nakuomba kama ninavyoomba mvua.

Maana nimefikiri hivi. Nikisimama kwenye kikao na maneno matupu, Bisengimana atasema dada yangu amezeeka, au Anastasie amemnunua kwa maharagwe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nimeitembea miaka sita, nani ataniamini nikigeuka? Na wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kwamba miti yenye mstari kama huo inauzwa huko madukani kwenu, kwa hiyo mstari peke yake hautoshi. Kitu kinachotosha ni waya. Hakuna duka linalouza waya wa Sogokuru.

Sasa twende kwenye ugonjwa wake. Ile picha niliifuta kwenye simu lakini kichwani imekaa. Majani ya chini yamekuwa ya njano na kuanguka, ncha zimekauka rangi ya kahawa, na juu ya udongo kuna utando mweupe na vijidudu vinavyoruka. Umutoni! Unaumwagia maji ya kuoshea chupa za maziwa, si ndiyo? Nimeujua ule utando. Na kosa ni langu, ni mimi niliyekuambia siku ile uupe maji ya kusuuzia kibuyu cha maziwa kama bibi yako anavyomwaga mlangoni kila asubuhi. Hapa mlangoni kuna mteremko, kuku, jua na minyoo ya ardhi, yote yanasaidiana. Wewe una chungu kwenye kabati. Umetengeneza jibini, mwanangu, na mti umesimama ndani yake.

Nadhani pia unaumwagia kila siku kwa sababu hapa mvua hunyesha kila siku. Na kile chungu cheupe, kigeuze utazame chini: kama hakina matundu, ndiyo jela yenyewe. Nami niliona pembeni kile chuma cha ukutani kinachopasha nyumba moto. Juu unakauka, chini unaoza.

Fanya hivi, usiache hata moja. Utoe mti kwenye chungu. Usivute kama mimi, weka chungu ubavu, ugonge, utoke wenyewe. Tikisa udongo wote, utupe, usirudishe hata kijiko. Kisha bonyeza shina kwa kidole gumba kuanzia chini. Palipo laini pameoza. Panda nalo mpaka upate pagumu.

Hapo ndipo ninapoogopa. Kwenye picha, kovu la waya lilikuwa juu ya udongo kama vidole vinne. Uozo unapanda. Una vidole vinne vya kukata, labda sasa vimebaki viwili. Chukua kisu kikali, kipitishe kwenye maji ya moto, ukate chini ya waya. Tazama ndani. Kukiwa kweupe, mshukuru Mungu na uache hapo. Kukiwa na rangi ya kahawa, kata tena kidogo, kama unavyokata kiazi, mpaka uone weupe.

Ukikuta kahawa imepita waya, usilie juu yake ukaharibu zaidi. Kata juu zaidi, mpaka penye weupe, upande kichwa. Lakini kile kipande chenye waya usikitupe, hata kikiwa kimekufa. Kikaushe, kifunge kwenye kitambaa safi. Mti uliokufa nao unaweza kutoa ushahidi.

Kabla ya kukata, weka alama upande wa juu kwa kalamu, maana shina lisilo na majani ni rahisi kulipanda miguu juu, na hapo litakaa mwezi mzima likikudanganya. Ukishakata, usipande siku hiyo. Uache kivulini siku mbili mpaka kidonda kikauke. Halafu tafuta chungu chenye matundu, udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, na usiwe wa kulowa, uwe wa kusikia ubichi tu ukiufinya. Chomeka. Uweke mbali na kile chuma, mahali pa mwanga usiochoma, wala usiugusishe kioo cha dirisha maana naambiwa kioo chenu hugandisha. Kisha usiuguse. Kila siku chache tia kidole kwenye udongo, na kikitoka kikavu mpaka kwenye kiungo cha pili, ndipo unyweshe kidogo, maji matupu. Najua mikono yako, inapenda kuhudumia. Ikalie.

Mwombe yule jirani yako Myriam wa ghorofa ya pili, uliyesema ana maua mpaka bafuni, akusimamie wakati wa kukata. Usikate peke yako. Mimi nilikuwa peke yangu, ndiyo maana.

Sasa kuhusu picha. Nilikuambia usitume. Nabadilisha.

Jumamosi tarehe 21, saa nne asubuhi kwetu, kwenu itakuwa saa tatu, tuma picha kwenye simu ya Bisengimana. Pale kwenye chemchemi mtandao unafika, Manassé huwa anapigia simu pale. Tuma picha ya mti mzima, na nyingine ya karibu, waya uonekane na jani lenye mstari uonekane. Andika jina lako na siku uliyoondoka. Usieleze zaidi, maelezo ni yangu. Tuma mara tatu, kama ya kwanza itapotelea hewani.

Sitamwambia kaka yangu kabla. Nimewaza sana. Nikimwambia nyumbani atanifungia ndani siku hiyo na kuwaambia watu naumwa, na mimi kwa woga nitakubali kuumwa. Nitangoja chefu aite nyumba yetu. Mkubwa wa nyumba ndiye anayeapa kwanza, na sitaki kaka yangu aape uongo asioujua. Kwa hiyo nitapita mbele yake, nitaushika ule mti wa kijani, na badala ya kuapa nitasema ni mimi niliyeupanda, ni Anastasie aliyenipa, na wa Sogokuru uko ng'ambo ya bahari. Hapo simu ikilia mfukoni mwake, aitazame.

Kama nitaweza. Nakuandikia wewe ili nisiweze kurudi nyuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeumwa ugonjwa huu miaka sita na kitu.

Na ukipona ule mti, ukirefuka hata kidogo, mwezi wa Julai yule Fiston wa kwaya yenu ya huko atakuja huku kwa harusi ya dada yake. Mkatie kipande kimoja. Kipande kikavu cha mti huu husafiri wiki nyingi bila kufa. Kona ingoje. Anastasie hatang'oa wa kwake mpaka wa Sogokuru ufike, namjua, na hata mimi sitataka ung'olewe.

Bibi yako Mukundwa anakusalimu na anasema usiolewe na mtu asiyekunywa maziwa. Mke wa Bisengimana anakusalimu, na watoto wote, na yule ndama ambaye bado hana jina tunangoja wewe umpe. Msalimie Myriam, umwambie namshukuru kwa kisu chake kabla hajakitumia. Hata salamu za Bisengimana nakupa mimi, yeye hajui, lakini anakupenda; usisahau hilo siku ile utakapotuma picha.

Mungu wa babu yako Gisa akulinde kwenye ngazi za hiyo nyumba ndefu, akuondolee kikohozi, aupe mkono wako uthabiti wakati wa kukata, na anipe mimi ulimi wakati wa kusema.

Mimi akupendaye na anayekutegemea,
Tantine wako,
Nyiramahoro

Nimeifungua tena bahasha, Sista ananisubiri mlangoni. Usingoje mpaka mti upendeze, mwanangu. Hata likibaki jani moja, lipige picha hilo moja.